Siku Tuliyomzika Msemaji Wetu

Majina yao wote ninayo. La mtu, la babake, na la babu yake pia nikiulizwa. Hapa Bofu, Likoni, nikiingia harusini sikosei kumwita mtu, awe ukoo gani, awe ameolewa mbali miaka mingapi. Lakini humu sitaandika jina hata moja. Wengine wangali hai na kazi zao wanazihitaji, na mmoja yuko chini ya udongo, na sipendi jina lake lisomwe na mtu ambaye hatamsomea Fatiha. Basi nitasema shoga yangu, mwenzangu wa tangu ujana, nitasema sista, muuguzi wa zahanati yetu, na mwenye kuwajua atawajua.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Baba alinitoa nikae na wadogo zangu, na kusoma sawasawa nilikuja kusomea ngumbaru, wajukuu wameshazaliwa. Maisha yangu nimeshona makuti na kuyauza, nikiwa nimekaa kibarazani miguu nimenyoosha. Ukishona makuti mikono ina kazi, masikio hayana. Ndiyo maana nayakumbuka mambo.

Sista alitujia kutoka bara. Zahanati yetu kabla yake ilikuwa ya panadol na ya kuandikiwa uende ng'ambo. Mwanamke akishikwa na uchungu, ni kutafuta tuktuk, kisha feri, kisha hospitali kuu kule kisiwani, na Mungu ndiye dereva. Siku ya kwanza sista alipita mbele yetu, sisi wanawake tumekaa pale nje tukingoja kufunguliwa, akasema tu, "Habari yenu," akaingia ndani. Hakuna shikamoo, hakuna mwaonaje, hakuna za watoto.

Shoga yangu akasema, "Huyu ameletwa kututibu au kutukamata?"

Tulicheka mpaka mlinzi akatoka kutazama.

Lakini msichana yule alikuwa na mkono. Kile chumba cha nyuma, kilichokuwa kikiwekwa mapipa na viti vibovu, alikitoa uchafu wote yeye mwenyewe, akakipaka chokaa, akaomba kitanda mpaka akapewa. Akaanza kuzalisha. Alipanga chumba nyumba ya jirani yangu, kwa hivyo hakuna saa ambayo hapatikani. Ukibisha, keshafunga leso kiunoni. Kiswahili chake tulikuwa tunamchezea nacho, maskini. Akisema, "Mama, hii mtoto yako iko sawa," shoga yangu humjibu, "Alhamdulillahi, na hii mama yake je, iko?" Naye hucheka. Baada ya muda akajifunza kusalimia, akajifunza kukaa kwanza kabla ya kusema shida, na siku moja nilimwita kwa nyuma nikamsikia anaitika, "Abee, mama!" Niliacha kuti nikamtazama. Nikasema moyoni, huyu sasa ametufikia.

Mwaka uleule mkaza mwanangu alikuwa na mimba. Mwanangu ni kibarua wa kaunti, wale wa kufagia na kuzibua mitaro, anafanya kazi upande wa Mtopanga na kurudi amechoka. Mke wake alishaharibikiwa na mimba moja huko nyuma, na hii alikuwa akiibeba kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Hakumwamini mtu ila sista. Kila akipimwa hurudi anatabasamu.

Basi siku moja sista alikuja kukaa na mimi barazani, akaokota ukuti akawa anauchana bila kazi.

"Mama, mkataba wangu unaisha mwezi wa sita."

"Si wataongeza?"

"Sijui. Wanasema inategemea bajeti. Kama hiyo nafasi haimo, nitaenda nyumbani."

Mimi bajeti nilikuwa naisikia redioni tu. Nilijua ni ile siku ya kuambiwa mkate umepanda. Sikujua kwamba kuna mahali sista wetu ameandikwa au hakuandikwa, kama mtu anayeandikwa mwalikwa.

Shoga yangu ndiye aliyenifungua. Yeye alikuwa mpishi wa uji katika chekechea ya kaunti, mshahara ukija unakuja, usipokuja anapika vilevile. Tangu kaunti zilipoingia, kila kikao cha maoni ya wananchi alikuwa akienda, hata kama ni yeye na wazee wawili na mwenye kupanga viti. Tulikuwa tunamtania kwamba anafuata soda inayogawiwa huko. Siku ile alinikalisha akanieleza kwa mfano wa harusi, maana mimi ni mtu wa jikoni.

"Wewe wajua pilau inavyopakuliwa. Mchele umenunuliwa kwa pesa za watu wote. Kuna mwenye kuandika, familia fulani sinia, fulani sinia. Hayo ndiyo makadirio. Kisha yanakuja kusomwa huku wadi, watu waseme, huyu amesahauliwa, huyu amepewa mawili. Hicho ndicho kikao. Kisha yanakwenda kwa kamati, wale wakubwa wa jikoni, wanatia na kutoa. Kisha Bunge la Kaunti lote linasema ndiyo, gavana anatia sahihi, chungu kimefungwa. Ukija baadaye na sahani yako, utaambiwa pole."

"Na pesa zenyewe zatoka wapi?"

"Nyingi zatoka Nairobi. Na huko nako kuna jikoni lao. Usinichanganye, mimi naanza na hili la karibu."

"Na sisi kikaoni tutasema nini?"

Akanigonga goti. "La kuwaambia ninalo. Siku ikifika mtalisikia."

Maneno hayo nimeyarudia mara nyingi kuliko maneno mengine yoyote aliyopata kuniambia. Kwa nini sikumwambia, hebu niambie sasa hivi, nilijue na mimi? Lakini nilimjua. Alikuwa na tabia ya kuficha jambo zuri kama mtu anavyoficha nyama chini ya wali. Tukazoea. Tukamwachia. Akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wanawake wote wa upande wetu waje, hata wenye watoto wachanga, waje nao, walie humo humo ukumbini, wakubwa wasikie. Wote walikubali. Mambo ya sista hayakuwa na mpinzani.

Asubuhi ya kikao, baada ya swala ya alfajiri, niliitwa. Shoga yangu alikuwa ameanguka uani kwake, ndoo ya maji ubavuni. Ilikuwa presha. Sista alishafika kabla yangu, amepiga magoti kwenye maji yaliyomwagika, anambana kifua, anahesabu kwa sauti na machozi yanamtoka huku anahesabu. Kisha akaacha kuhesabu. Akanitazama. Mimi nikamfunga shoga yangu macho, nikamfunga taya kwa kitambaa chake mwenyewe.

Sisi maiti hailali. Shemeji yangu, mume wa marehemu, alisema atazikwa adhuhuri, na ndivyo ilivyotakiwa. Kaburi lichimbwe, sanda iletwe, maji yachemshwe, spika ya msikiti ikatangaza. Na kikao kilikuwa saa nne, siku hiyohiyo.

Nitasema kweli, jambo la kikao lilinijia mapema. Nilikuwa nimesimama karibu na shemeji, nikamwambia kwa upole, "Shemeji, maziko yasingeweza kusogezwa yawe alasiri? Wajua leo ndiyo siku yake ile."

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. "Siku yake gani tena, dada? Siku yake ndiyo hii."

Nikamwacha. Mtu kafiwa na mkewe asubuhi ile.

Na tulikuwa tumeahidiana tangu ujana, mimi na yeye, atakayetangulia ataoshwa na mwenzake. Kwa hivyo saa nne ilipofika mimi nilikuwa ndani ya pazia, mikono yangu imo majini, nikimwosha taratibu kama alivyokuwa akipenda kufanyiwa mambo yake, bila pupa. Nje, nyumba imejaa. Kila mwanamke aliyeahidi kwenda kikaoni yuko pale, amekaa mkekani, kanga kichwani. Wanaume na vijana wote wako makaburini. Ukitaka kuwahesabu watu wa upande wetu waliotakiwa kumsemea sista, wote ungewakuta msibani kwa shoga yangu. Na sista mwenyewe alikuwa ndiye anayebeba ndoo za maji moto, amejitanda leso mbili za kuazima.

Nilimvuta pembeni. "Wewe nenda. Nenda ukajisemee."

"Mama, mimi ni mfanyakazi wao, siruhusiwi kuombea kazi yangu pale. Na hata ningeruhusiwa." Akaelekeza kidevu kwenye pazia. "Nitaombaje kazi na huyu amelala hapa?"

Niliona haya kwamba nimemwambia.

Maiti ilitoka kwenda msikitini, na wanawake tukabaki. Kwetu mwanamke haendi makaburini. Hubaki nyumbani, hukaa, husoma, huwapikia waombolezaji. Basi wakati ule, jeneza limeshatoka na kilio kimetulia, niliona kwamba mwendo wa kutoka pale hadi ukumbini si mkubwa. Nikainuka, nikachukua buibui langu.

"Wenda wapi?" akaniuliza mmoja wa mawifi wa marehemu.

"Naenda kumsemea."

"Kumsemea! Hata udongo haujamfunika!"

Mwingine akafyonza. Wa tatu akasema chini kwa chini, lakini si chini sana, "Basi bora angekwenda asubuhi, kuliko kuja kutuvunjia msiba katikati." Nilisimama pale mlangoni na viatu mkononi. Nilitegemea mmoja tu ainuke anifuate. Hakuna aliyeinuka, na siwalaumu, maana angekuwa mwingine ameinuka na mimi nimekaa, huenda ndiye mimi ningefyonza.

Nilikwenda peke yangu.

Ukumbini viti vilikuwa vinapandanishwa. Bwana wa wadi, aliyeendesha kikao, ni kijana wa Magongo ambaye mamake tuliuza naye makuti soko moja. Si mtu mbaya hata kidogo. Aliniona akaacha kiti alichokibeba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimechelewa?"

"Umechelewa mama. Tumefunga sasa hivi. Niliwangoja watu wenu, nikangoja. Nikauliza kama kuna mwenye neno zaidi, kimya."

"Tulikuwa tunazika."

"Nimesikia spika. Poleni sana. Lakini jamani, mama, hata mtoto mmoja mngemtuma!"

"Watoto walikuwa wanachimba kaburi."

Akashusha macho. Akanieleza kwamba watu wa mtaa wa juu walikuja wengi, na walichotaka ni mulika mwizi, ile nguzo ndefu ya taa, isimamishwe penye uwanja, kwa sababu ya wizi. Wakasema wote kwa sauti moja. Na zahanati? Zahanati ilisomwa kama ilivyoandikwa, dawa kidogo na rangi ya ukuta. Muuguzi wa mkataba hakuwamo, na hakuna aliyeuliza kwa nini hamo.

"Lakini kamati bado haijakaa," akasema. "Vuka uende mwenyewe Bunge la Kaunti, useme na mmoja wa wanakamati. Hawakufukuzi."

Kisha akanipa soda. Ilibaki kwenye kreti, baridi bado. Sikuitaka. Lakini alinipa kwa mikono miwili, huku amejiinamisha, na mimi sikulelewa kumrudishia mtu mkono wake mtupu. Nikaipokea. Nikarudi nayo msibani, maana ningeitupa wapi njiani, mbele ya watu? Nilipoingia, wanawake wote waliiona kabla hawajaniona mimi.

"Haya," akasema yule wifi, "msemaji karudi. Na baridi yake mkononi."

Siku zote za matanga nilikaa pembeni. Soda ile nilimpa mjukuu wa marehemu. Hadi leo kuna watu wakitaka kunichokoza huuliza kama nimeshapoa.

Wiki ile tulivuka, mimi na sista. Alisema hataingia, atanisindikiza tu na kunionyesha milango. Tukafika, nikaambiwa ningoje, nikangoja, nikaitwa. Mwanakamati aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, mheshimiwa, amevaa vizuri, ana adabu. Alinikalisha, akaniletea maji mwenyewe, akaniuliza hali ya watu wa Likoni. Sista naye alikaribishwa, akakaa nyuma yangu. Nikaeleza yote, zahanati, chumba cha nyuma, feri, mkaza mwanangu. Alinisikiliza bila kushika simu.

Kisha akafungua kitabu kikubwa cha makadirio, akanigeuzia.

"Mama, wajua kusoma?"

"Naweza, pole pole."

"Basi tazama. Pesa hizi zimeshagawanywa zote. Mimi sina mfuko mwingine. Nikitia hapa, lazima nitoe pale, isije ikazidi, maana tukizidisha inarudishwa. Hawa ni vibarua wa usafi, mishahara yao. Hii ni ya chekechea, uji na walimu. Hizi ni dawa. Ukitaka nimtie muuguzi wako, niambie nitoe wapi, na nitaandika kwamba ni maoni ya watu wa Bofu. Naapa nitaliandika na nitalisimamia."

Wallahi nilikuwa sijategemea swali hilo. Nilikwenda pale nikiwa nimejitayarisha kukataliwa, kufokewa, kuambiwa mkubwa hayupo. Nilikuwa na maneno ya kila mtu mbaya. Sikuwa na neno la mtu mwema anayeniambia chagua.

Nikaweka kidole kwenye kitabu. Vibarua wa usafi. Mwanangu ni mmoja wao. Yeye na mkewe na kilichomo tumboni wanakula kutoka mstari ule. Nikasogeza. Chekechea. Uji ule ndio alioupika shoga yangu mpaka siku moja kabla ya kufa, na wajukuu zangu wawili wanaunywa, na kuna watoto pale kwetu ambao mchana hawali kingine. Nikasogeza. Dawa. Nitatoa dawa nimtie muuguzi, atibu kwa nini? Kwa mate? Nikarudisha kidole juu. Feni inazunguka.

"Mama?"

"Acha nikafikiri, mwanangu."

"Kesho tunafunga."

"Leo jioni nitakuwa na jibu."

"Basi ukilipata, niletee." Akafunga kitabu taratibu, kama mtu anayefunika chakula ambacho mgeni hakukigusa.

Kwenye feri tulisimama pamoja na watu, sista hanitazami. Kisha akasema, "Mama, usihuzunike. Na mimi singetaka umtoe mwanao."

"Umejuaje?"

"Niliona kidole chako pale kiliposimama."

Tulikuwa tumekaribia upande wetu, milango inaanza kushuka, watu wanasukumana, na mimi nikaiona. Nguzo imesimama upande wetu, ile mulika mwizi ya zamani ya karibu na kituo cha feri. Nikasema kwa sauti, mpaka mtu mbele yangu akageuka, "Taa!"

"Taa gani, mama?"

Taa! Si ilikuwa imeombwa taa? Si pesa ya taa nayo imo humo humo? Ukurasa ule alionifungulia ulikuwa wa usafi na afya na elimu peke yake, kana kwamba hao watatu ndio wanaotakiwa kunyang'anyana sinia moja, na wengine wamekaa meza yao pembeni wanakula. Sikumwambia, mheshimiwa, hebu geuza ukurasa. Hakunificha. Mimi ndiye sikujua kwamba kuna kugeuza. Na hapo nikamwona shoga yangu jinsi alivyonigonga goti. La kuwaambia ninalo. Nikajua, au nadhani nilijua, kwamba ndilo hili. Yeye angelisema siku ya kwanza, ukumbini, mbele ya watu wa mtaa wa juu, nao wangenuna, na kisha wangecheka, kwa sababu alikuwa na namna yake ya kusema na mtu akacheka.

Nilitaka kurudi palepale. Sista akanishika. Ofisi zilishafungwa, na simu ya mheshimiwa hatukuichukua. Asubuhi yake nikavuka peke yangu. Askari wa getini alinisalimia vizuri, akaniambia wamo ndani, wamekaa, hapiti mtu.

"Mwambie ni mama wa Bofu. Mwambie taa."

"Mama, maoni yalikuwa mwisho jana."

"Neno moja tu. Taa."

Alinihurumia, nilimwona. Akaingia ndani, akakaa, akatoka. Akasema amempa karani. Karani alifanyaje na neno taa, sijui. Labda alidhani ni stima imepotea.

Bajeti ilipitishwa mwezi wa sita. Nilisikiliza redioni, nimekaa pale pale barazani na ukuti mkononi. Spika wa Bunge akauliza wanaosema ndiyo, zikaja sauti nyingi kama za watu wanaoitikia dua. Akauliza wanaosema la. Kimya. Nikafikiri, hivi ndivyo mtu anavyoondoka mahali. Hakufukuzwa, hakuna aliyemkosea, hakuna aliyesema hafai. Hakuandikwa tu, na waliokuwepo wakaitikia.

Sista tulimuaga kwa maandazi na chai ya viungo. Wanawake walimnunulia jozi ya leso, na yule wifi aliyenisema ndiye aliyelia kuliko wote. Sista aliwaamkia wakubwa mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, kama mtoto wa pale. Akamshika tumbo mkaza mwanangu, akamwambia asingoje uchungu ukolee, atoke mapema. Akaniambia, "Mama, wakiniita nitarudi. Hata kama ni usiku waniite."

Mkaza mwanangu alitoka mapema kama alivyoambiwa, na foleni ya feri ilikuwa ndefu vilevile. Mtoto alizaliwa ndani ya tuktuk, mimi nikiwa nimeshika kanga kuwafunika, wauza korosho wametugeuzia migongo kwa heshima. Ni wa kike, mzima, amepewa jina la shoga yangu. Watu husema alhamdulillahi, na mimi husema pamoja nao. Ila mamake tangu siku ile ana maumivu yasiyomwisha, na anasema hazai tena. Mtu akisimulia habari ya tuktuk kwa kucheka, yeye huinuka akaingia ndani.

Mulika mwizi ilikuja, nguzo ikasimamishwa penye uwanja. Haijawaka. Waya wa kuiunganisha, tunaambiwa, umo katika bajeti nyingine. Watu hufunga mbuzi pale.

Mwaka uliofuata spika ilipotangaza kikao, nilikuwa wa kwanza kufika, nikakaa kiti cha mbele. Siku mbili kabla niliwaambia wanawake, na niliwaambia wazi, bila kung'ata ulimi: akifa mtu, hata akiwa ni mimi, nusu wakae na maiti na nusu waende ukumbini. Walinung'unika, mmoja akasema nimezeeka vibaya. Lakini walikuja, na hakufa mtu. Bwana wa wadi aliponiona akatabasamu, "Mama, leo soda utaipata kwa haki." Nilisimama. Nikamwambia afungue kurasa zote mbele yetu, asibague. Nikaonyesha penye kutoa, kwenye mahema na chakula cha sherehe za kaunti, nikaonyesha penye kutia. Wakaandika. Safari hii kamati ikalikubali, na Bunge likasema ndiyo. Nafasi ya muuguzi wa zahanati yetu imo. Imepitishwa, imetiwa sahihi. Pesa ndizo hazijateremka kutoka Nairobi, na mpaka ziteremke hakuna wa kuandikwa, lakini imo, nimeisoma kwa macho yangu.

Jioni ile nilimpigia sista.

"Abee, mama!" akaitika. Hakuisahau.

Nikamwambia. Nikasikia sauti za watoto nyuma yake, na ng'ombe. Akasema amefurahi sana, kweli amefurahi. Kisha akasema, kwa Kiswahili chetu, kizuri, alichojifunza kwetu, "Lakini mama, mimi huku nimeshaandikwa. Hospitali ya kwetu. Nimepewa ya kudumu. Nimeolewa pia."

Nikamwambia hongera, na nikamwombea. Nikamuuliza bwana wake hajambo. Kisha salio likaisha.

Hiyo ni miezi sasa. Kila asubuhi wanawake hupita barazani kwangu wakielekea zahanati, na huniuliza kama pesa zimeshuka, na mmoja lazima aseme, akirudi sista tutampikia hiki, akirudi sista chumba cha nyuma kipakwe chokaa kabla hajafika. Yule wifi ameshaweka kando mchele wa pilau. Mimi nachana ukuti, nasema inshallah. Sijawaambia.